Simu Imetupatanisha Katika Lupango



Hapa Kikula, katika lupango letu tunakaa familia tano, na kompteri ya maji ni moja tu. Kila fakture ilipofika, ugomvi ulianza. Mimi nilimshitaki jirani anayefua nguo za watu. Nilimwambia maneno makali mbele ya watoto wake. Alinyamaza, akalipa kuliko sisi wote.

Mwezi uliopita binti yangu akasema: “Mama, tufunge robine zote usiku, tupige kompteri picha, na tena asubuhi mbele ya mtu kuteka.” Picha tukazituma katika kikundi cha WhatsApp cha lupango, kila mtu aone. Usiku ule zilipita litre 400! Ni bidoni 20 za litre 20, na sisi wote tulikuwa tumelala.

Fundi alichimba karibu na choo, akakuta bomba limeoza. Tukachanga, akatengeneza. Kesho yake namba ya usiku na ya asubuhi ilikuwa moja.

Katika majumba makubwa kompteri inatuma namba yenyewe kwa kompyuta. Kwetu simu moja imetosha.

Nilikwenda kuomba msamaha. Jirani alinipa kiti, akasema: “Yaya, yamepita.” Lakini pesa alizozidisha tunamrudishia kidogo kidogo.

Sasa kila siku ya posho tunapiga picha. Wamama, jaribuni kwenu mbele ya kushitaki mtu.