Mkulima wa Kinangop Ateremka Schiphol

Mtu aendaye Ulaya mara ya kwanza huambiwa mengi na majirani juu ya baridi, na juu ya chakula kisicho na ladha, na juu ya watu wasioamkiana njiani. Ni wachache wamwambiao lililo la kwanza, nalo ni kwamba uwanja wa ndege si mji. Ndege humtua mtu shambani, mbali na nyumba anayoitafuta, na kazi ya kufika imebaki juu yake mwenyewe.

Jambo hilo lilimpata mkulima mmoja wa Kinangop, mzee wa miaka sitini na minane, alipokwenda Uholanzi mwezi wa Januari 2024. Binti yake wa pekee alikuwa akiishi huko na mumewe, naye alikuwa karibu kujifungua mtoto wa kwanza. Kwa desturi ingalikuwa mama yake aliyefunga safari, kwenda kumpikia uji na kumshika mkono. Lakini mama alikwisha fariki mwaka 2021, na kabla ya kufariki alimwachia mumewe neno moja: mtoto huyu asizae peke yake ugenini. Basi mzee aliuza ng'ombe wawili, akanunua tikiti, akafunga mzigo.

Mzigo wenyewe ulimpa taabu. Alitaka kuchukua samli na maziwa lala na parachichi za shamba lake. Jirani yake, karani wa chama cha ushirika cha maziwa, aliyekuwa amekwenda Uholanzi miaka mingi nyuma kusoma mambo ya ng'ombe, akamzuia. Nchi za Umoja wa Ulaya hazimruhusu msafiri atokaye Afrika kuingiza nyama wala maziwa, hata kidogo. Na matunda yasiyo na cheti cha afya ya mimea hayapiti, ila matano tu: nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Parachichi haimo. Mzee akabaki na kilo nne za unga wa wimbi, na karani akauandikia mfuko kwa Kiingereza herufi kubwa, ili asiye na habari za wimbi asiudhanie kitu kingine.

Karani alimpa na shauri la mwisho. “Mzee, usiwe na wasiwasi. Ukitoka kwenye ndege, uliza Centraal. Mji ni Centraal.” Shauri hili lilikuwa la kweli kwa karani, maana hosteli yake ilikuwa nyuma ya stesheni hiyo. Lilikaa katika kichwa cha mzee kama msumari.

Ndege ya usiku kutoka Nairobi huchukua muda wa saa nane na zaidi. Ilitua Schiphol saa 12.20 asubuhi, na nje kulikuwa giza totoro, kwa kuwa katika mwezi wa Januari jua la Amsterdam halichomozi mpaka karibu saa tatu. Saa ya mkono ya mzee ilisema saa 2.20, naye hakuigeuza.

Yafaa kusema neno juu ya mahali pale, kwani mkulima yeyote atapenda kulijua. Uwanja wa Schiphol umejengwa juu ya ardhi iliyokuwa ziwa, liitwalo Haarlemmermeer. Waholanzi walianza kulikausha mwaka 1849 kwa mashine tatu kubwa za mvuke, wakamaliza mwaka 1852, wakagawa mashamba. Ndege za kwanza, za jeshi, zilitua katika matope yake mwaka 1916. Hata leo uwanja uko zaidi ya mita tatu chini ya usawa wa bahari, na maji huvutwa mchana na usiku yasirudi. Mzee ambaye maisha yake yote alilima viazi zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari alikuwa sasa amesimama chini yake, wala hakuna kitu kilichomwonyesha hivyo. Sakafu ilikuwa kavu.

Alifuata watu. Njia ni ndefu sana, na mahali pengine sakafu yenyewe hutembea na watu wakiwa wamesimama juu yake. Inapokaribia mwisho, sauti ya mwanamke huwaonya waangalie hatua zao, na huonya tena na tena bila kuchoka. Juu kuna mabango ya manjano yenye maandishi meusi. Haya yana sifa duniani. Yalibuniwa na mchoraji Benno Wissing kwa ajili ya jengo lililofunguliwa mwaka 1967, yakatengenezwa upya baadaye, na viwanja vingine vingi vimeyaiga. Kanuni yake ni rahisi: manjano humwongoza msafiri katika safari yake, na rangi nyingine ni za choo, duka na mahali pa kula. Ajuaye kusoma Kiingereza kidogo aweza kutoka mlango wa ndege mpaka nje asiulize mtu hata mmoja. Mzee alisoma mpaka darasa la saba, na mabango yalimtosha. Bali yeye ni mtu wa kuuliza, na ukimya wa njia ile ulimwelemea kuliko urefu wake.

Mstari wa pasipoti za nchi za nje ulimchukua muda wa dakika arobaini. Askari wa mpaka alimwuliza anakwenda kwa nani, atakaa siku ngapi, nani atamlisha. Mzee akatoa barua ya mkwe, tikiti ya kurudi, na hati ya bima ya matibabu, ambayo kwa sheria haiwezi kuwa chini ya euro 30,000. Akagongewa muhuri. (Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 nchi zile zilianza kuchukua alama za vidole na picha ya uso badala ya muhuri, na hivyo mstari hauwi mfupi.) Askari alipouliza sababu ya safari, mzee alisema, “Uji.” Kisha akaeleza. Askari hakucheka, lakini alimtakia heri.

Mkoba ulikuja, wimbi ukapita. Milango ikafunguka, na hapo ndipo mzee alipotazamia kumwona mkwe wake. Watu walisimama na maua na vibao vya majina. Mkwe hakuwapo.

Alikaa juu ya mkoba, akakumbuka kwamba uwanja hutoa mtandao bila malipo, akaiwasha simu. Ujumbe ulikuwa umemngojea tangu usiku:

“Baba, pole na safari. Binti yako ameshikwa na uchungu. Mkunga yuko nasi hapa nyumbani, siwezi kumwacha kuja kukupokea. Tafadhali panda treni, ushuke Amsterdam Zuid, utokee upande wa Mahlerplein. Ukifuatwa na mtu wa teksi humo ndani usimkubali. Nitaacha mlango wazi.”

Aliusoma mara mbili. Lililomshtua zaidi ni neno nyumbani. Alikuwa amedhani kwamba katika nchi tajiri namna ile kila mtoto huzaliwa hospitali. Hakujua kwamba Uholanzi ni nchi ambamo kuzaa nyumbani, mbele ya mkunga aliyesomea, ni desturi kuliko katika nchi nyingi jirani zake, na kwamba mama mwenye hatari hupelekwa hospitali mapema. Asiyejua hayo huona tu hatari. Kwa mzee, binti yake alikuwa akizaa nyumbani kama bibi zake walivyozaa, na hapakuwa na mwanamke wa ukoo.

Haraka humfanya mtu asikie nusu ya maneno. Mzee alifunga simu ili asimalize moto wake, akainuka. Mtu mmoja mwenye koti zuri akamjia karibu, akamwuliza kwa sauti ya chini kama anataka teksi, akashika na mkono wa mkoba. Hilo alilikumbuka. Teksi halali za Schiphol husimama nje, mahali pake, katika mstari; ambaye humtafuta abiria ndani ya ukumbi hana ruhusa, na bei yake hujulikana mwisho wa safari. Mzee aliuvuta mkoba wake kwa nguvu za mtu aliyezoea kuvuta ndama, na yule bwana akamwacha.

Stesheni ya treni iko chini ya ukumbi uleule. Hakuna haja ya kutoka nje wala kuvuka barabara, na viwanja vingi vikubwa havina neema hiyo. Wenyeji hugusisha tu kadi ya benki katika nguzo ndogo wanapoingia na wanapotoka, jambo linalowezekana katika treni za nchi nzima tangu mwaka 2023. Naye asahauye kugusisha anapotoka hukatwa fedha kuliko nauli yake. Mzee hakuziamini zile nguzo. Alikwenda dirishani, akaomba tikiti ya Amsterdam. Karani wa tikiti akauliza, “Centraal?”

Jina lilikuwa ni lilelile la msumari. Mzee akasema ndiyo.

Treni ilichukua muda wa robo saa. Alisimama mlangoni njia nzima, akitazama taa za mashamba yaliyo sawasawa kama meza, asione hata kilima kimoja cha kumwambia yuko wapi. Aliposhuka aliona paa kubwa la vioo na chuma, na watu wengi kuliko soko la Engineer siku ya gulio. Stesheni ya Centraal ilifunguliwa mwaka 1889, kwa ramani ya Pierre Cuypers, juu ya visiwa vilivyofanyizwa kwa mchanga katikati ya maji, na chini yake zimo nguzo za miti 8,687. Ni jengo la kutazamwa na mtu mwenye nafasi. Mzee alitafuta neno Mahlerplein kila upande, na hapakuwa na Mahlerplein.

Ndipo alipofanya lile ambalo mabango yalikuwa yamemzuia kulifanya tangu alfajiri. Alimwendea mwanamke aliyevaa sare ya stesheni, akavua kofia, akamwonyesha simu. Yule mama akasoma Kiswahili asichokijua, akaona majina mawili anayoyajua, akatikisa kichwa polepole. Akamweleza kwa Kiingereza chepesi kwamba Zuid ni stesheni nyingine, upande wa kusini wa mji, na kwamba treni ya kwenda huko kutoka Schiphol huchukua dakika chache tu. Mzee alikuwa amepita mbali na nyumba ya binti yake, akaja kuikaribia kutoka upande wa pili.

“Binti yangu anazaa,” mzee akasema, “sasa hivi.”

Mwanamke yule hakunyosha kidole tu. Aliacha mahali pake, akashuka naye mpaka kwenye metro, akamwonyesha mahali pa kugusisha kadi yake ya benki, nayo ikakubali. Akamwambia apande namba 52 na ahesabu vituo kwa vidole vya mkono mmoja: Rokin, Vijzelgracht, De Pijp, Europaplein, na kidole gumba ni Zuid, ambako njia inakoma.

Njia hiyo ya 52 haikuwapo siku za karani. Ilianza kubeba watu mwezi wa Julai 2018, baada ya miaka mingi ya kuchimba chini ya mji uliosimama juu ya miti na matope; mwaka 2008 nyumba za Vijzelgracht zilididimia, na kazi ikasimamishwa. Mzee hakujua hayo, ikawa heri kwake. Alikaa na mkoba katikati ya magoti, mkono wa kushoto umefunuliwa mbele yake, akikunja kidole kimoja kila gari liliposimama. Kijana aliyekaa mkabala akaanza kuhesabu pamoja naye kwa macho.

Alitokea Zuid saa 2.45 kwa saa ya pale. Stesheni hiyo iko katikati ya barabara kuu, na magari hupita kulia na kushoto kama mto. Kulikuwa kunapambazuka. Safari hii alisoma ujumbe wote, neno kwa neno, akatafuta upande wa Mahlerplein, akaenda kwa miguu kati ya majengo marefu ya benki, mpaka alipofika kwenye nyumba za kawaida na baiskeli zimefungwa nje.

Mlango ulikuwa wazi, kama alivyoahidiwa. Mkwe alitoka kwenye ukumbi akiwa na macho mekundu, akamshika mikono yote miwili.

“Baba, karibu. Ni msichana. Ana dakika ishirini.”

Mzee akakaa juu ya ngazi na koti lake. Dakika ishirini zilizopita alikuwa chini ya ardhi, amekunja vidole vitatu. Mkunga, mama wa makamo, akamletea kikombe cha chai na kipande cha mkate mkavu uliopakwa siagi na kunyunyiziwa mbegu za sukari, nyeupe na nyekundu hafifu, ambazo Waholanzi huwalisha wageni mtoto wa kike anapozaliwa. Akala kwa adabu. Kutoka chumbani akasikia sauti ya binti yake ikiuliza kwa Kikikuyu kama ni baba aliyefika.

Akaitikia. Kisha akafungua mkoba, akatoa ule mfuko wenye herufi kubwa, akamwuliza mkwe wake sufuria iko wapi.