Siku wazazi wangu walipopishana jijini

Ukiteremka Moi Avenue hadi inapokutana na Haile Selassie Avenue jijini Nairobi, kabla ya kufika kituo cha gari-moshi, utaona bustani ndogo iliyozungushiwa ua. Nje makelele ya matatu hayakomi. Ndani kuna nyasi, miti na viti vya kupumzikia. Kuna pia ukuta ulioandikwa majina ya watu.

Hapo ndipo uliposimama ubalozi wa Marekani hadi Ijumaa, Agosti 7, 1998, uliposhambuliwa kwa bomu na zaidi ya watu 200 wakafariki papa hapa Nairobi.

Majuzi nilikwenda huko na mama yangu pamoja na mwanangu wa miaka tisa. Mtoto alisoma majina kwa sauti ya chini, kisha akageuka.

"Nyanya, wewe siku hiyo ulikuwa wapi?"

Mama alikuwa karani katika ofisi moja Tom Mboya Street. Saa nne na nusu hivi asubuhi ulisikika mlipuko mdogo, na wengi wakakimbilia madirishani kuona kulikoni. Ndipo bomu lenyewe likalipuka. Vioo viliwapofusha watu wengi, na jumba la Ufundi lililopakana na ubalozi likaporomoka. Mama alikuwa ameinama kwenye kabati la faili, akanusurika kwa mikwaruzo tu. Alitembea hadi kwa dadake Ngara, kiatu kimoja mguuni.

Sasa msomaji, sikiliza yaliyofuata. Marehemu baba, aliyekuwa kazini Industrial Area, alipiga simu ofisini kwa mama, isishike. Nyakati hizo simu za mkononi walikuwa nazo matajiri wachache. Akaja mjini kwa miguu, kisha akaenda Hospitali Kuu ya Kenyatta, akawa anapita kitanda hadi kitanda akitazama nyuso. Jioni mama alifika nyumbani Buru Buru, asimkute. Akaingiwa na hofu, akarudi mjini kumtafuta. Wakapishana njiani. Sisi watoto tulilazwa kwa jirani, nami nikiwa na miaka minane niliamini tumekuwa mayatima.

Walikutana mlangoni usiku wa manane. Baba hakutamka neno. Aliketi kwenye ngazi akalia.

"Bomu lenyewe halikutuumiza sana," mama alimwambia mjukuu wake. "Kilichotutesa ni kwamba hatukuwa tumepatana tutafutane wapi."

Wapo watakaosema kuwa siku hizi kila mtu ana simu. Kweli, lakini watu wote wakipiga kwa pamoja laini hulemewa, na betri nayo huisha chaji. Isitoshe, jumba la Westgate liliposhambuliwa Septemba 2013 na watu 67 kuuawa, waliojificha humo walizima milio ya simu zao wasije wakagunduliwa. Jamaa yako akiwa mafichoni, usimpigie. Ngoja ujumbe wake.

Basi tuliketi pale bustanini, vizazi vitatu, tukapanga mambo yetu. Kwanza, mahali pa kukutana: mtaani ni lango la shule ya msingi, na tukiwa mjini ni mbele ya Kanisa la All Saints, na pakiwa hapafikiki, tuelekee nyumbani. Pili, mtu mmoja aliye mbali na hatari, yaani shangazi yangu wa Nakuru. Kila mmoja wetu atampelekea ujumbe mfupi wa maandishi, ambao mara nyingi hupenya hata simu zikikataa, naye atatuarifu wengine. Tatu, nambari yake iandikwe kwenye karatasi na kuwekwa katika mkoba wa shule, pia ikaririwe kichwani. Nne, aliyefika nyumbani asitoke tena kutafuta wengine kabla ya kuzungumza na shangazi. Sharti hilo la mwisho alilitoa mama mwenyewe.

Nambari za dharura 999 na 112 nazo tuliziandika, pamoja na 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu, ambalo huwasaidia waliopoteana kutafutana.

Tukirudi nyumbani ndani ya matatu, mwanangu aliikariri nambari ya shangazi. Alikosea tarakimu ya mwisho mara mbili. Nyanyake akamwambia aanze upya, na tulipofika Buru Buru alikuwa ameishika barabara.

Nyumbani kwako, msomaji, mmepatana kukutana wapi? Ulizaneni leo, mkiwa bado mmeketi meza moja.