SAFARI NA WATOTO, SEHEMU YA 6: Kushushwa kwa boti ziwani ukiwa na mtoto mdogo

Ndaga fijo kwa wote mliosoma sehemu ya tano, ile ya mabasi na kutapika. Leo nakuja na swali ambalo nimeulizwa mara nyingi tangu shule zikaribie kufungwa: "Nesi, tunataka kuwapeleka watoto ziwani, wapande meli angalau mara moja maishani. Ila tumesikia kule kwa kushukia watu wanakaa saa moja, saa mbili, wanasubiri boti ya kuwafikisha nchi kavu. Na kichanga itakuwaje?"

Jibu langu kwa ufupi ni hili: kusubiri kunapunguzwa hapa hapa Tukuyu, kabla hujakata tiketi. Ukishafika mlangoni pa meli na mtoto mkononi, usihangaike tena kuokoa muda. Pale kazi yako ni moja tu, kumlinda mtoto.

Kwa ambao hawajawahi kwenda, nieleze kidogo. Meli ya abiria upande wetu wa Ziwa Nyasa inaondokea bandari ya Kiwira, wilayani Kyela. Jamani, siyo Kiwira yetu ya Rungwe, ya ndizi na viazi! Hii ni kule chini Mto Kiwira unakoingilia ziwani. Bandari ya zamani ya Itungi ilijaa mchanga, ndiyo maana kazi ikahamia huko. Meli ya MV Mbeya II inabeba abiria 200 na mizigo tani 200, na inateremka kandokando ya Milima ya Livingstone kuelekea Mbamba Bay, ikisimama njiani.

Sasa, siyo kila kituo kina gati. Pasipo na gati, meli haiwezi kusogea ufukweni, inatia nanga kwenye kina. Mitumbwi na boti zinakuja ubavuni, watu wanashuka ngazi, wanaingia botini. Hili haliko kwetu tu. Upande wa Malawi, ile meli kongwe ya Ilala ilipokuwa ikifika kisiwa cha Likoma watu walishushwa kwa boti hivyo hivyo. Na zile meli kubwa za watalii duniani, zenye abiria maelfu, zikikuta bandari ndogo zinafanya vile vile, abiria wanagawiwa namba na kusubiri zamu.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme wanaoshuka ni 60 na boti inabeba 15. Hiyo ni mizunguko minne. Kila mzunguko, kupanda, kwenda, kushusha na kurudi, tuseme dakika 25. Wa mwisho atakuwa amesubiri kama saa moja na robo kabla zamu yake ya kupanda haijafika, na hapo ziwa limetulia na hakuna mizigo. Ukiongeza magunia ya mchele na boti zile zile ndizo zinazoyabeba, muda unaongezeka. Kwa hiyo kusubiri siyo uzembe wa mtu, ni hesabu. Na kwa kuwa ni hesabu, unaweza kuijua mapema.

Basi maswali ya kuuliza kabla ya kutoa hela ni haya. Kituo ninachoshuka kina gati, au nashushwa kwa boti? Meli inafika pale saa ngapi? Kuna mzigo mwingi safari hii? Ukiwa na uhuru wa kuchagua, chagua kituo chenye gati, na chagua kufika asubuhi. Ukimuuliza mvuvi yeyote atakuambia ziwa la alfajiri siyo ziwa la saa nane mchana. Halafu mwezi. Upepo wa kusi, ule ambao watu wa ziwani wanauita mwera, unavuma kwa nguvu kati ya Mei na Agosti, na likizo ya Juni inaangukia humo humo. Mawimbi yakiwa makubwa boti inapigapiga ubavu wa meli na mabaharia wanasimamisha kazi. Mtasubiri mpaka litulie. Hapo usimlaumu mtu, shukuru.

Nimeliona hili kwa macho yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilisafiri na wanangu wawili na wifi yangu. Tulitia nanga saa tano asubuhi mbele ya kijiji kimoja, kusi imeshaanza. Boti ya kwanza ilikwenda. Iliporudi, mwenye boti akapunga mkono kwamba haifai, tusubiri. Tulisubiri karibu saa tatu.

Pale karibu na mlango watu walibanana wasitoke, kila mmoja anaogopa kupoteza nafasi. Katikati yao alikuwepo binti mmoja na kichanga cha miezi miwili na nusu. Sikuhitaji kuuliza ametoka wapi. Mtoto alikuwa na kofia ya sufi, soksi, sweta mbili na blanketi juu. Huyo ni mtoto wa Tukuyu kabisa! Huku kwetu, kwa mvua na ukungu huu, mama anayemvika mtoto hivyo anafanya vyema. Lakini Tukuyu iko mita kama 1,600 juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko chini ya mita 500. Ni nchi mbili tofauti ndani ya safari ya asubuhi moja.

Mtoto alilia sana, halafu akanyamaza. Watu wakasema afadhali amelala. Kunyamaza kule ndiko kulikonishtua. Nikamwambia yule binti, "Mwanangu, mimi ni nesi, naomba nimshike." Ngozi ilikuwa ya moto, midomo mikavu, amelegea mikononi. Tukatoka kwenye msongamano, tukaenda upande wenye kivuli na upepo, tukamvua kila kitu akabaki na nepi na kitambaa chepesi. Mama mkwe wa binti alikuwa ameshatoa chupa ya maji ampe mjukuu.

"Bibi," nikamwambia kwa heshima, "huyu bado hajafikisha miezi sita. Maji yake yako kwa mama yake."

"Na joto hili lote?"

"Na joto hili lote, bibi."

Binti akainamisha kichwa. Aliona aibu kunyonyesha mbele ya wanaume wote wale, na hakuwa amenyonyesha tangu bandarini. Wifi yangu hakusema neno. Alifungua kanga yake, mama mwingine akafungua ya kwake, wakasimama wakazifanya ukuta. Mtoto alinyonya kidogo kwa uvivu, akaacha, akanyonya tena. Baada ya kama nusu saa alikuwa anavuta kwa nguvu na kufungua macho, kisha akamkojolea bibi yake. Sijawahi kuona watu wakifurahia mkojo namna ile. Nikawaambia wakifika tu wapite zahanati apimwe, kwa sababu mtoto mdogo vile akiwa wa moto huwezi kujua kwa kumgusa kama ni joto la nguo au ni homa.

Mama, shika haya. Chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu, hata kwenye joto. Unachofanya ni kumnyonyesha mara nyingi zaidi, na wewe mwenyewe kunywa maji ya kutosha. Mvike tabaka nyepesi unazoweza kuvua moja moja kadiri mnavyoteremka kuelekea Kyela. Akilegea, akikataa kunyonya, utosi ukibonyea, akikaa muda mrefu bila kukojoa, akitapika kila anachopewa au akipata degedege, hiyo ni dharura. Mwambie baharia papo hapo, usingoje zamu.

Kwa watoto wakubwa, maji safi ya kunywa yatoke nyumbani. Maji ya ziwa ni ya kuangalia tu. Nina sababu ya kulisisitiza hili. Mei 2015, makumi ya maelfu ya watu waliokimbia Burundi walikusanyika Kagunga, kijiji kidogo kwenye Ziwa Tanganyika, mkoani Kigoma. Hapakuwa na gati. MV Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 na bado ikafanya kazi miaka mia moja baadaye, ilikaa kwenye kina, na familia zikapelekwa kwayo kwa boti ndogo, safari baada ya safari, kwenda Kigoma mjini. Wengi walisubiri siku kadhaa ufukweni, maji safi hayatoshi, vyoo havitoshi. Kipindupindu kikaingia, na zaidi ya watu 30 wakafa. Safari yako ya likizo siyo ukimbizi, najua. Lakini tumbo la mtoto halijui tofauti. Mahali popote watu wengi wanaposubiri bila maji salama na choo, ugonjwa unapata nafasi. Beba maji, sabuni kipande na pakiti mbili za ORS. Changanya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na yakipita saa 24 mwaga.

Dawa ya kichefuchefu usimpe mtoto kwa kukisia. Promethazini, ambayo wengi mnainunua dukani, hairuhusiwi kwa mtoto chini ya miaka miwili, na hata kwa mkubwa inaleta usingizi. Mtoto mwenye usingizi mzito kwenye ngazi ya meli ni mzigo wa hatari.

Tukija kwenye kushuka kwenyewe. Nusu saa kabla ya kufika, maliza mambo yote: choo, nepi, kunyonyesha, viatu kwenye mfuko. Begi dogo la mtoto libaki kwako, mabegi makubwa yaende na baba au yashuke na mizigo baadaye. Mikono yako iwe mitupu. Mwambie baharia mapema, kwa upole, "Kaka, nina kichanga, naomba unisaidie zamu." Mara nyingi watakusaidia. Ila usikae mlangoni. Kaa kivulini, mtume mwenzio asimame pale aangalie.

Na boti ya kwanza iache iende. Boti ya kwanza ndiyo yenye kusukumana. Tuliona msiba wa MV Nyerere, tarehe 20 Septemba 2018, karibu kabisa na kisiwa cha Ukara. Kivuko kilikuwa kimezidisha watu, na kilipokaribia kutia gati abiria wakasogea upande mmoja wajiandae kushuka. Kikapinduka. Zaidi ya watu 200 walifariki wakiwa wanaiona nchi kavu. Baba watoto akikuvuta mkono "twende, twende tusichelewe", mwambie taratibu kwamba dakika 25 siyo kitu. Ukiona boti imeshajaa mpaka ukingo unakaribia maji, kataa. Kataa hata kama nahodha wake ni mjomba wako.

Jambo la mwisho ndilo linalonikosesha usingizi. Sisi tunabeba mtoto mgongoni, ni raha yetu na yake. Lakini ngazini na botini, mtoa mgongoni. Ukiangukia majini na jaketi okozi, jaketi linakugeuza uso uangalie juu, na mtoto wa mgongoni anabaki chini ya maji. Mlete kifuani, fundo la kanga liwe la kufunguka kwa mvuto mmoja, au mpokezane na mtu aliyeshakaa botini. Na uliza jaketi la saizi ya mtoto. La mtu mzima linamchomoka juu ya kichwa.

Kuna ambao ningewashauri wasipande meli mwaka huu: mwenye mimba kubwa, mwenye kichanga cha wiki chache, mwenye mtoto anayeumwa. Kwenu nyie ziwa lipo bila ngazi. Teremkeni kwa gari, Tukuyu, Masoko, Ipinda mpaka Matema, mchana mnakula samaki. Mkienda Jumamosi mtakuta mnada wa vyungu Lyulilo, vile vyungu vya Wakisi. Asubuhi ziwa likiwa limelala, wanaotaka wanaweza kupanda mtumbwi kwenda Ikombe kuona vinavyofinyangwa, na mwenye kichanga akabaki kivulini chini ya mwembe. Watoto watarudi shule wakisema walikwenda ziwani, na watakuwa wamesema kweli. Vyandarua msisahau, mbu wa kule siyo wachache kama wa kwetu.

Sehemu ya saba nitaandika kuhusu kichocho, kwa sababu Ziwa Nyasa linacho, na watoto wanakipata pale pale ufukweni wakikanyaga maji yaliyotulia huku wazazi wanangoja boti. Mpaka hapo, kama wako alishawahi kuchezea maji yale na leo anakojoa mkojo wenye damu, usingoje niandike. Kesho asubuhi mlete kituoni.