Uso wa Bingwa na Kipuri cha Nakala

"Kipya kinyemi ingawa kidonda." Methali hii niliisikia mara nyingi kibandani mwa marehemu baba, mtaani Bondeni, Nakuru, alikokuwa akichonga vipuri vya mashine kuukuu. Bushi za mpira alizikata kutoka kwa magurudumu yaliyochakaa. Vya chuma alivipiga tupa hadi vikalingana na vile vilivyovunjika. Kila alichokitengeneza alikikwaruza mwaka kwa ncha ya msumari. Nilipomuuliza sababu, alijibu, "Asije mtu akadhani kimetoka kiwandani."

Desturi hiyo sikuitia maanani hadi kaka yangu, anayeishi Marekani, aliponunua mashine ya pinboli iliyoundwa na kampuni ya Stern, mjini Chicago, mwaka 1980. Kwa asiyeijua, pinboli ni meza iliyoinama, ambapo mchezaji huipiga gololi ya chuma kwa vibao viwili ili isitumbukie shimoni. Upande wa juu husimama kisanduku chenye kioo cha picha. Picha ya mashine ile ilikuwa ya Muhammad Ali.

Jina hilo si geni kwetu. Nakuru ni mji wa ndondi, unaojivunia Philip Waruinge, aliyetunukiwa Kombe la Val Barker katika Olimpiki za Mexico mwaka 1968. Hata ukumbi wetu wa ndondi huitwa Madison Square Garden, kwa kuiga ule wa New York ambamo Ali alishindwa na Joe Frazier mwaka 1971.

Mashine ya kaka ilikuwa hoi. Pete za mpira zilikuwa zimekauka na kupasuka. Hizo aliagiza mpya, akazibadilisha bila wasiwasi. Kilichomtatiza ni kioo. Rangi za picha hupakwa nyuma ya kioo, na kwa joto la taa na unyevu wa miaka mingi, hubambuka. Shavu la Ali lilikuwa limetoweka. Alikuwa amepata kioo cha nakala, kilichochapishwa upya, kisicho na doa. Akapiga simu: "Baba, nikikiweka hiki, itabaki kuwa mashine ileile?"

Nilidhani baba, mchonga nakala, angekubali papo hapo. Alinyamaza siku mbili. Kisha akamwambia, "Mwanangu, mpira huchakaa ili mashine iishi, ubadilishe. Uso si mpira. Kipya kiweke, watoto wacheze. Cha kale kifunge kwa nguo, ukihifadhi. Na nyuma ya kipya uandike mwaka kilipotengenezwa."

Kaka alitii. Baba aliaga dunia kabla ya kuiona mashine ile.

Juzi jirani yetu msaga unga alikuwa akibadilisha kifuniko cha mashine yake. Kile cha zamani kilikuwa na mwandiko wa msumari: 1991. Nilimsihi anipe. Sasa ki mezani ninapoandikia haya, na kutu yake sijaigusa.

Wanafunzi wenzangu, nasi tunaohariri miswada ya kale hukuta mahali palipoliwa na mchwa, tukajaza neno letu. Tulijaze, kwa maana shairi lenye pengo halisomeki vyema. Ila tulitie alama, na ule mswada ulioliwa tusiutupe.