Mdogo Wangu Kafungua Meza Mbele Yangu

Kusema ukweli, siku niliyofika Mwaloni Kirumba na kumkuta mdogo wangu wa tumbo moja kapanga magunia yake ya dagaa hatua chache tu kutoka kwangu, damu ilinichemka. Mie ndiye niliyemfundisha kazi! Nilimwonyesha dagaa waliokauka vizuri na walionyeshewa mvua, nikamtambulisha kwa wateja. Sasa kaondoka na baadhi yao. Miezi miwili hatukusalimiana, na wote tunaishi hapa hapa Ilemela.

Nikaenda kumshitaki kwa baba, nikitegemea atamwita amkaripie. Mzee akanisikiliza, akamaliza chai yake, kisha akaanza habari za Yanga. Asikwambie mtu, nilikasirika!

Baba alikuwepo uwanja wa Nyamagana mwaka 1974, Yanga na Simba walipogombea ubingwa hapa Mwanza. Simba walitangulia. Gibson Sembuli akasawazisha mwishoni, na Sunday Manara akamaliza kazi katika dakika za nyongeza, 2-1. Baba alikwenda na mdogo wake, na wanasema walirudi nyumbani wakiimba, hawana sauti.

Haikuchukua muda, nyumba ile ya mabingwa ikapasuka. Kundi moja likaitwa Kandambili, jingine Raizoni, majina ya viatu vya enzi hizo. Mwaka 1976 Raizoni wakaenda zao, wakaanzisha Pan African. Na haikuwa timu ya mchezo! Mwaka 1982 ilitwaa ubingwa wa nchi.

Baba alibaki Yanga. Baba mdogo akahamia Pan. Huku kwetu ziwani, mbali kabisa na Jangwani, ndugu wawili wakanuniana kwa ugomvi wa viongozi ambao hata hawakuwahi kupeana nao mikono. Kwenye misiba walikaa pembe tofauti. Sikukuu walitumiana watoto, wao wenyewe hawaendi. Baba mdogo alifariki kabla hawajakaa chini.

"Nilimzika wakati bado nina deni lake la samahani," baba aliniambia. Sikuwahi kumwona akiinamisha kichwa namna ile.

Nikamuuliza, "Sasa baba, nani alikuwa na haki? Waliobaki au walioondoka?"

Akacheka kidogo. "Mwanangu, hao Simba wenyewe unadhani walitoka wapi? Yanga ilianza 1935, mwaka uliofuata wengine wakajitenga. Hao ndio waliokuja kuitwa Sunderland, na mwaka 1971 wakawa Simba. Mtoto mmoja aliyetoka nyumbani akawa mpinzani wa maisha. Mwingine, Pan, akang'ara miaka michache, akafifia. Siku ya kuondoka nani angeweza kujua? Na bila Simba, Yanga ingejaza uwanja kwa kucheza na nani?"

Usiku ule sikulala vizuri. Nilijiuliza hasa kilichoniuma ni nini. Wateja? Wengine walikuwa wangu bado. Kilichoniuma ni kwamba mdogo wangu hakuniaga. Halafu nikakumbuka kwamba aliwahi kuniomba tugawane faida sawa, mara mbili, nami nikamjibu kwa kicheko mbele za watu. Kumbe aliniaga, mie ndiye sikusikia.

Asubuhi mteja akataka magunia kumi, mie nina sita. Zamani ningemwambia arudi kesho. Nikamwambia, "Nenda pale mbele, ni mdogo wangu, mzigo wake ni mzuri." Maneno yalikwama kooni, lakini yalitoka.

Jioni akaja, kashika ufunguo wa meza yake. "Shikamoo dada."

"Marahaba." Tukasimama pale kama wageni, kisha akaniuliza kama baba ameshapata dawa zake za presha. Tukaondoka pamoja kwenda kumnunulia.

Tunashindana bado, na kwenye bei hanionei huruma hata kidogo! Lakini wewe unayesoma hapa, kama una ndugu uliyenuniana naye kwa sababu alitaka kusimama mwenyewe, mshinde sokoni ukiweza. Nyumbani mpigie simu leo.