Kuvu Darini

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba, na kuziba kwangu ndiko kulikoleta hasara.

Nyumbani kwetu ni Limuru. Msomaji mpendwa, kama umewahi kulala huko mwezi wa Julai, baridi yake unaijua. Dari yetu ni ya mbao, na juu yake baba huweka mahindi. Fundi aliacha matundu ya hewa chini ya paa. Usiku mmoja upepo uliponizidi, nilipanda na magunia makuukuu nikayaziba yote. Nikalala fofofo, nikijiona mjanja.

Kumbe! Mvuke wa sufuria za jikoni ulipanda darini, ukakosa pa kutokea. Usiku ulipoyagusa mabati baridi uligeuka maji, yakadondoka juu ya mbao na mahindi. Baada ya wiki kadhaa mama akaanza kusikia harufu ya uvundo. Baba alidhani paa linavuja, akapaka lami penye misumari. Wapi! Kuvu ilizidi kutanda, nyeusi kwenye mbao, ya kijani kwenye mahindi.

Mama alitaka tuyaoshe mahindi, tuyakaushe, kisha tuyapeleke kusagwa. Baba akakataa katakata.

"Umesahau ya Ukambani?" akauliza.

Mwaka wa 2004 zaidi ya watu 100 walifariki Makueni, Kitui na kwingineko kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo haiishi kwa kuoshwa wala kwa kupikwa. Hata ukimpa ng'ombe, hupitia kwenye maziwa ikakurudia. Basi magunia matatu, jasho la msimu mzima, yakafukiwa shambani. Mama alisimama kando, kimya. Hapo nikashindwa kuvumilia, nikakiri.

Baba hakunichapa. Aliniambia tu, "Panda, ufungue."

Nilijifunga kitambaa puani na mdomoni, nikazibua matundu, nikang'oa ubao uliooza, nikasugua mbao zilizobaki kwa maji ya sabuni, kisha nikaziacha zikauke kabisa. Kusugua peke yake ni kazi bure, jamani. Unyevu ukibaki, kuvu hurudi.

Siku hizi upepo wa Limuru unanichapa kama zamani. Nami navuta blanketi la pili, natulia.