Pijo la mjomba na barabara isiyokuwepo tena

Leo mtanisamehe, siandiki habari za Bunge wala za siasa. Naandika habari za usukani.

Mjomba wangu wa Kondoa ana Peugeot 404, ile ambayo wazee wetu waliita Pijo. Gari hilo lilianza kuundwa Ufaransa mwaka 1960, umbo lake likachorwa na Waitaliano wa Pininfarina. Huku kwetu lilijipatia jina lake kwenye mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki. Mwaka 1966, na tena 1967, Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda akiwa na mwenzake Chris Rothwell ndani ya 404. Mgusie mjomba habari hiyo, atakusimulia kama vile yeye ndiye aliyekuwa dereva.

Sasa, hilo la mjomba lilikuwa na ugonjwa. Ukifika kilomita 70 kwa saa linaanza kutangatanga. Unalinyoosha, linakwenda kushoto. Unalirudisha, linapitiliza kulia. Basi la abiria likikupita, upepo wake peke yake unakuhamisha njia. Na ukipita juu ya tuta dogo la lami, usukani unageuka wenyewe mkononi. Si utani jamani. Kila mwezi mjomba humleta mkewe hospitali hapa Dodoma kwa gari hilo hilo, na yeye mwenyewe ameshapita miaka 70. Watoto wake wakakaa kikao wakatoa uamuzi: litengenezwe liwe salama, au liuzwe chuma chakavu. Mimi, kwa kuwa nakaa Dodoma na kazi yangu ni kuuliza maswali, nikakabidhiwa funguo.

Fundi wa kwanza alisema reki ya usukani imelegea. Akaikaza. Usukani ukawa mzito, na ukikata kona haurudi wenyewe katikati, lazima uuvute. Kutangatanga kukabaki pale pale. Fundi wa pili akasema tairodi zimekwisha. Ni kweli zilikuwa zimelika, akaweka mpya, tukalipa. Kule kucheza kwa usukani gari likiwa limesimama kukaisha, ila barabarani hali ikawa ile ile.

Fundi wa tatu ni mzee mmoja pale Chang'ombe. Hakugusa spana. Alirudi nyuma hatua kumi, akalitazama gari kwa ubavu, akachuchumaa akachungulia ndani ya banda la tairi la mbele, halafu akauliza: "Gari hili nani alilinyanyua, na alikuwa anakwenda wapi?"

Nikampigia mjomba. Jibu likaja bila kusita. Alilinyanyua mwenyewe, miaka ya themanini, kwa ajili ya njia ya Kondoa.

Wengi wenu mnaijua njia hiyo ikiwa lami. Ni sehemu ya ile Barabara Kuu ya Kaskazini, ya kutoka Cape mpaka Cairo, lakini kwa miaka mingi kati ya Dodoma na Babati ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua. Lami ya kilomita 251 ilizinduliwa rasmi Aprili 2018. Kabla ya hapo, gari dogo likitaka kuvuka lilihitaji tumbo la juu. Mjomba alitafuta vipande vya chuma vyenye unene wa sentimita 4, akavifunga juu ya shokapu za mbele, pale zinaposhikana na bodi. Pua ya gari ikapanda. Akavuka makorongo yake miaka nenda rudi.

Mzee wa Chang'ombe akanieleza kwa mfano wa kalamu mbili mezani. Gurudumu la mbele la 404 limeshikwa na mkono wa chini, na linageuzwa na tairodi. Gurudumu linapopanda na kushuka, vyuma hivyo viwili vinachora duara, kila kimoja lake. Kiwandani walivipanga ili viende pamoja. Ukiinua gari kwa vipande bila kushusha reki, mpango unaharibika: mkono unaning'inia vibaya, tairodi inavuta upande wake, na kila bonde linaligeuza gurudumu ingawa dereva hakugusa kitu. Kwenye tope, mwendo wa kilomita 30, huwezi kuligundua. Kwenye lami, ukikimbia 90, linaweza kukuua.

Sikuridhika na maneno, nikaomba nione. Akafunga ubao ulionyooka kwenye gurudumu, akapima umbali wa ncha zake mbili kutoka kwenye kamba iliyonyooshwa kando ya gari. Akainua bodi kwa jeki kidogo kidogo. Kwa sentimita 5 tu za kupanda, ubao uligeuka kwenda nje milimita 9. Usukani ulikuwa umefungwa kwa kamba, haukusogea hata nukta. Alipotoa vile vipande akarudia kipimo, ubao ulisogea milimita 2.

Kazi yenyewe ilichukua siku mbili. Vipande vikatoka. Bushi za mikono ya chini zikabadilishwa, maana mpira ukichoka mkono unarudi nyuma ukifunga breki, na gurudumu linapoteza ule mlalo unaolifanya lirudi lenyewe katikati. Reki ikalegezwa mpaka kipimo chake. Mwisho kabisa, baada ya hayo yote, ndipo magurudumu yakapangwa. Mzee alisisitiza mpangilio huo: kupima alaimenti juu ya bushi zilizokufa ni kutupa pesa.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa mjomba. Alipoona pua imeshuka alinyamaza kwa muda, kisha akasema: "Mmelifanya gari la mjini." Kwake vile vyuma vilikuwa ushahidi. Alivuka navyo akiwa na wagonjwa na magunia ya mtama, na usiku mmoja mama aliyekuwa na uchungu wa kuzaa. Sikubishana naye. Nilimpa funguo, mkewe akakaa nyuma, tukashika njia ya Mayamaya kwenda Haneti. Basi likatupita. Gari likatikisika kidogo likaendelea mbele. Mkewe, ambaye hajawahi kuchangia habari za magari hata siku moja, akasema: "Leo sijashika mlango."

Mjomba hakujibu. Lakini hakudai virudishwe.

Tangu siku ile nikikutana na kijana mwenzangu anayesaka gari la zamani, na siku hizi mko wengi, simwulizi rangi wala injini. Namwuliza limebadilishwa nini mbele, na lilibadilishwa kwa ajili ya njia gani. Ukikuta vipande juu ya shokapu, au springi zisizo za kwake, usimlaumu aliyeweka, huenda alikuwa na sababu nzuri kabisa. Pima tu kama sababu hiyo bado ipo. Vile vya mjomba sasa vinazuia mlango wa banda la kuku Kondoa, na vinafaa sana.